Kurasa Zisizo na Fundi Saa

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Bi Daftari aliyaficha yake mwaka mmoja na nusu, akayaficha vizuri hata akaanza kujiona mjanja, na siku yalipoumbuka hakuna adui aliyemchongea. Ni yeye mwenyewe, Jumapili saa tisa mchana, aliyekwenda chumbani kwa miguu yake miwili akakileta kitabu sebuleni.

"Hebu tukione," shangazi yake alikuwa amesema, huku kanyoosha miguu iliyovimba kwa safari. "Huko kwetu hatusikii lingine. Eti mtoto wa kaka yangu anamchora mtu mpaka unamsikia anapiga chafya."

"Si kuchora tu, wifi," mama akadakia. Mama alikuwa fundi cherehani, na sifa za wanawe alizitoa kama alivyotoa nguo za wateja, zimepigwa pasi. "Watu wakibishana mtaani, wanakwenda kwa huyu kuamuliwa."

Hapo mama hakupiga chuku. Bi Daftari alikuwa muuzaji katika duka la madaftari na kalamu mjini, ndiko alikolipata hilo jina, na saa ya mapumziko ya mchana alikuwa akichora. Maua hakuchora, wala jua likizama. Alichora mtaa. Alimchora muuza miwani akijitazama kwenye kioo cha biashara yake. Alichora harusi ikipita na jeneza likipita, na siku ambayo mwalimu wa kwaya alianguka na baiskeli akiwa ndani ya suti mpya. Sharti lake lilikuwa moja: achore alichokiona kwa macho, kutoka pale alipokaa, asiongeze wala asipunguze. Chini aliandika tarehe na saa. Kwa hiyo watu wakigombana kwamba siku bomba lilipopasuka maji yalifika ngazi ya pili ya duka la viatu au ya tatu, kitabu kilifunguliwa, ngazi zikahesabiwa, na mbishi akanywea.

Katika yote hayo, alimpunguza mtu mmoja tu. Kurasa mia na ushee, na hakuna hata mmoja uliokuwa na fundi saa wa mtaa huo. Hakuna uso wake, hakuna mkono wake, hakuna hata kivuli chake sakafuni. Hapo ndipo Bi Daftari alipoweka usalama wake wote.

Shangazi alicheka mpaka akajifuta macho kwa upande wa kanga. Alipofika kwa mwalimu wa kwaya akaomba apumzike kidogo. Wakati huo dada mtu akaingia na sinia ya chai, akaitua mezani, akaketi.

"Na mimi nitazame," akasema.

Dada alikuwa na miaka thelathini. Zamani kicheko chake kilisikika nyumba ya tatu. Sasa ulikuwa mwaka wa nne anazungumza kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Alikipokea kitabu, akafungua ukurasa wa kwanza akatabasamu, wa pili akatabasamu, wa tatu akakawia. Akarudi wa kwanza. Akaruka katikati, akaenda mwisho. Kidole chake kilikuwa kimetulia kwenye ukingo wa kushoto wa karatasi.

"Hapa ulikuwa umekaa wapi?"

"Dukani. Kwenye dirisha letu."

"Na hapa?"

"Hapo hapo, dada."

Dada alimtazama mdogo wake. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomtisha Bi Daftari. Kisha akakifunga kitabu taratibu akakiweka kando ya sinia.

"Unachora vizuri sana," akasema. "Shangazi, chai inapoa."

Bi Daftari akashusha pumzi. Alidhani limepita, kumbe lilikuwa limetangulia jikoni kumsubiri.

Alimkuta dada anaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi tangu asubuhi.

"Rudishia mlango."

Akaurudishia.

"Ile nondo ya dirisha iliyopinda, upande wa kushoto," dada akasema bila kugeuka. "Ukurasa wa kwanza ipo. Katikati ipo. Mwisho ipo. Niliipinda mimi. Nilikuwa naning'iniza mkoba wangu pale kila jioni nikitoka kazini, miaka mitatu, mpaka akawa ananitania kwamba nitamvunjia kibanda. Mimi nakijua hicho kiti cha kibandani mwake, mdogo wangu. Nakijua kinavyoonesha mtaa."

Bi Daftari angesema nini? Fundi saa alikuwa mchumba wa dada yake. Wiki tatu kabla ya harusi, kadi zimeshagawiwa, alikuja akasimama katikati ya sebule akasema harusi haitakuwepo, akaomba radhi, akatoka. Sababu hakuitaja. Gauni mama alilishona kwa mikono yake, na kwa mikono hiyo hiyo akalifumua, mshono baada ya mshono, siku nne bila kumsemesha mtu. Tangu hapo fundi saa hakutajwa nyumbani mle. Ikibidi sana, aliitwa "yule".

"Tangu lini?" dada akauliza.

"Mwaka jana, mvua zilipoanza." Akasogea hatua moja. "Nilikwenda kumtukana, dada. Naapa. Nilikwenda kumtukana kwa ajili yako. Njia nzima nilikuwa napanga maneno."

"Ukamtukana?"

"Nilimtukana yote. Akasikiliza mpaka mwisho, hakujibu hata moja. Halafu mvua ikashuka, akasema, keti kwanza, utalowa."

"Ukaketi."

"Nikaketi."

Dada aligeuza kikombe, akakisuuza tena. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, kwa sauti ile ile ndogo.

Mlango ukasukumwa. Mama aliingia, na uso wake ulionesha kwamba hakuhitaji kusimuliwa.

"Kesho utakwenda kuagana naye," akamwambia mdogo. "Si keshokutwa. Kesho."

"Mama, yeye anataka kuja kuzungumza na nyinyi."

"Aje azungumze nini? Mlango huu alitoka kwa hiari yake, hatukumfukuza. Arudi tena kuchagua binti wa pili, hapa ni duka la viatu?"

"Nampenda, mama."

Hakuwa amewahi kulitamka neno hilo kwa sauti. Fundi saa mwenyewe hakuwahi kuambiwa. Lilimtoka pale, mbele ya vikombe vilivyolowa, kwa watu wawili wasiotaka kulisikia.

"Najua unampenda," mama akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ililegea. "Ungekuwa humpendi ningekuchapa, mambo yakaisha. Mtazame dada yako usoni, kisha uliseme tena hilo neno."

Bi Daftari alimtazama dada yake. Hakuweza kulisema tena.

Mama alitoka. Dada akapangusa mikono, kidole kimoja kimoja.

"Mimi sikuzuii," akasema. "Nimechoka hata kuzuia. Ila ukienda kesho, niulizie jambo moja tu. Kosa langu lilikuwa nini?"

"Dada, hukuwa na kosa."

"Wewe hujui. Mtu hamwachi mtu kadi zimeshatoka bila kosa. Mwaka wa kwanza niliona ni kuongea, nilikuwa naongea sana. Nikapunguza. Halafu nikaona ni kicheko, watu walikuwa wanageuka njiani. Nikakiacha. Kila mwaka naacha kitu, na bado sijui kama ndicho chenyewe. Muulize aseme, hata kama ni kibaya. Nitajikaza."

Akavipanga vikombe vyote kabatini, vishikio vikitazama upande mmoja.

Kibanda cha fundi saa kilikuwa na upana wa mtu aliyenyoosha mikono. Ukutani zilitundikwa saa ishirini na kitu, kila moja imesimamia wakati wake, maana fundi hakuwa na tabia ya kuzirekebisha mpaka mwenyewe aje. Bi Daftari alipoingia, fundi aliitoa lenzi jichoni akaiweka juu ya kitambaa. Kwa mteja hakuwa akiitoa. Lenzi ile ilimwachia duara jekundu kuzunguka jicho, na mwaka mzima na nusu Bi Daftari alikuwa akitamani kulipitishia kidole duara lile. Alikuwa amethubutu mara mbili tu.

"Leo umechelewa," fundi akasema.

"Na wewe una saa ishirini ukutani, hata moja haisemi kweli."

"Ndiyo maana nakusubiri wewe, nijue ni saa saba."

Siku nyingine angecheka. Alikaa kwenye kiti cha dirishani, akakigeuza kikatazama ndani, mgongo akaupa mtaa. Akafungua kitabu.

"Tulia hivyo hivyo. Nataka kukuchora."

Fundi alishtuka. "Umechora mpaka paka wa duka la viatu, tena mara sita. Mimi hata kisigino hukunipa. Leo kumetokea nini?"

"Leo wanajua."

Alimsimulia yote, sebule, nondo, jikoni. Alizungumza huku penseli ikienda: paji la uso, sikio la kushoto, bega lililoinama kwa miaka ya kuinamia meza. Fundi alisikiliza kama alivyomsikiliza siku ile ya matusi, bila kumkatiza.

"Nitakuja nyumbani," akasema mwishowe. "Nitampigia mama yako magoti."

"Hatakufungulia."

"Nitakaa nje mpaka afungue."

"Dada atapita kwenda kazini, akukute umekaa nje. Jioni atarudi, akukute tena. Unamtaka afanye nini?"

Fundi akaokota kibano, akakiweka. "Basi tuondoke. Mimi na wewe. Saa zinaharibika kila mji, sitakosa kazi."

"Na nikimkumbuka dada yangu, nitamwendea wapi?"

Walitazamana, na katika kutazamana kule kulikuwa na yote ambayo wenzao huyapata kwa miaka thelathini ya kuishi pamoja, wao wakayatumia kwa dakika moja. Bi Daftari alihisi machozi yamefika, akayarudisha kwa kuinamia karatasi.

"Niambie kwa nini ulimwacha," akasema.

"Tulikubaliana hutaniuliza hilo."

"Si mimi ninayeuliza. Ni yeye. Miaka minne anajikata vipande akitafuta kosa. Nipe neno nimpelekee."

Uso wa fundi ukabadilika, ukawa wa mtu aliyekata shauri. Alivuta mtoto wa meza, akatoa karatasi ya kaki iliyokunjwa mara nne, akaikunjua mbele yake. Ilikuwa na paka wa duka la viatu, amelala juu ya boksi, na tarehe chini yake. Mistari ilikuwa ya mkono ambao haujakomaa.

"Hii ni yangu," Bi Daftari akasema.

"Ni yako. Jumamosi dada yako alikuwa kazini, akawa anakutuma wewe uniletee chakula. Ulikuwa unasubiri nile, urudi na bakuli. Siku hiyo ukachukua karatasi iliyofungia mikanda ya saa, ukamchora huyo paka. Hukujua kama nakutazama."

"Nilikuwa na miaka ishirini."

"Na mimi nilikuwa na mchumba. Nilijua ni vibaya kukutazama. Nikajizuia, ikashindikana. Wiki nzima nikawa naisubiri Jumamosi, na si kwa ajili ya chakula. Nikaona nikioa na moyo wa namna hii nitawadanganya ndugu wawili. Nikaenda nikavunja. Sikuweza kusema sababu, ningewagombanisha. Na wewe sikukufuata. Miaka miwili na nusu, sikukufuata hata siku moja, mpaka ulipokuja mwenyewe kunitukana." Akainama karibu. "Dada yako hakuwa na kosa. Mwambie hivyo. Hakuwa na kosa hata moja. Ilikuwa ni wewe."

Alisema hivyo macho yakimng'aa, kwa maana neno lile alilitunza miaka minne kwa ajili yake, na sasa alikuwa amempa. Alidhani litamlainisha. Maskini fundi wa watu. Vidole vyake viliweza kuokota skrubu isiyoonekana kwa macho matupu, lakini hakuona alichokuwa amekivunja.

Penseli ilisimama. Bi Daftari aliitazama ile karatasi ya kaki. Alijiona ameketi pale Jumamosi ile, miguu haijatulia, anamsubiri shemeji yake amalize kula. Hakufanya lolote. Alichora paka tu. Na kwa hicho alichochora, kadi zikarudishwa na gauni likafumuliwa, na kicheko kilichosikika nyumba ya tatu kikazimika.

"Hicho chakula ulikuwa unakila?" akauliza.

"Nilikila."

"Alikuwa anaamka alfajiri kukipika."

Akakifunga kitabu.

"Hujamaliza," fundi akasema. "Hata macho hujaniweka."

"Nimemaliza."

"Nimekwambia kweli kwa sababu nakupenda."

"Najua. Na mimi nakupenda, usije ukadhani vinginevyo. Lakini ungeniambia ulimchoka. Ungeniambia ana mdomo, ana wivu, uongo wowote. Ningekuchukia kidogo, halafu ningekusamehe, na labda baada ya miaka mingi, dada akiwa kwake na watoto wake, ningerudi. Sasa nirudi vipi? Kosa analolitafuta ni mimi."

Fundi aliupeleka mkono juu ya meza, kati ya vibano na vioo vya saa. Mlango ulikuwa wazi, watu wanapita, na siku zote walikuwa waangalifu mno na watu wanaopita. Bi Daftari aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili mbele ya mtaa mzima. Akaushika mpaka vidole vikapata joto. Kisha akaurudisha mezani, akasimama, akatoka.

Alipovuka barabara aligeuka mara moja. Fundi alikuwa ameirudisha lenzi jichoni, ameinama. Mezani mbele yake hapakuwa na saa yoyote.

Jioni mama alikuwa kwenye cherehani. Hakuacha kukanyaga. Aliinua macho tu, yakauliza. Bi Daftari akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, imekwisha. Mama akayarudisha macho kwenye kitambaa, na kwa muda mshono ukaenda kombo.

Dada alikuwa chumbani, anakunja nguo juu ya kitanda.

"Umeagana naye?"

"Nimeagana naye."

"Kabisa?"

"Kabisa, dada."

"Amelia?"

"Hapana."

"Na wewe?"

"Njiani."

Dada alisogeza nguo zilizokunjwa, akamfanyia nafasi. Bi Daftari akaketi. Ndipo dada alipofanya jambo ambalo hakulitegemea: alimwekea mkono mgongoni, akaanza kumpapasa polepole, kama alivyokuwa akimfanyia utotoni akiwa na homa. Bi Daftari aliyekuwa amejikaza kutoka mjini mpaka nyumbani alilegea, akalia bila sauti, na mkono haukuondoka.

"Basi," dada akasema. "Basi, mdogo wangu. Mimi nayajua haya. Yanauma, ila hayaui."

Akamwacha alie ashibe. Kisha akauliza alichokuwa anakisubiri tangu asubuhi.

"Ulimuuliza?"

Njia nzima Bi Daftari alikuwa amejiandaa kwa swali lile. Kweli yenyewe ilikuwa fupi. Ingemtakasa dada yake na kila kitu alichojisingizia miaka minne. Angeweza kuongea tena, akacheka tena mpaka watu wageuke njiani. Na baada ya kuisikia, mkono huu ungeondoka mgongoni, usirudi tena. Bi Daftari alikuwa amempoteza mtu mmoja mchana. Jioni ile hakuwa na nguvu za kumpoteza wa pili.

"Amesema hukuwa na kosa lolote."

"Na sababu?"

"Hakuniambia."

Dada akaitikia kwa kichwa, taratibu, wala hakushangaa.

"Asingekwambia," akasema. "Hakupenda kuumiza watu, yule. Alikuwa ananisitiri." Akachukua nguo nyingine, akaikunja kwa mkono mmoja, akafikiri. "Mimi nadhani ni sauti. Mama yake aliwahi kusema sauti yangu inaingia chumbani kabla yangu. Mimi na mama yake tulicheka, lakini yule hakucheka. Nimefikiri sana. Ni sauti."

Bi Daftari alifungua mdomo. Mkono ulikuwa bado mgongoni, una joto, unapapasa. Akaufumba.

"Basi nitaipunguza tena," dada akasema, chini chini mno, hata mdogo wake akalazimika kuinamisha kichwa ili amsikie.